Kabla ya Kuiwasha Mashine, Tuzitaje Sehemu Zake

"Ajali haina kinga," husema watu pindi fundi anapokatwa kidole. Msemo huo una hekima yake, walakini aghalabu umegeuzwa kichaka cha kufichia uzembe. Wahenga hao hao walituusia pia: tahadhari kabla ya hatari.

Nasema haya kwa sababu ya jambo lililonifika mwenyewe. Nyuma ya nyumba yangu, karibu na Litein, nina kibanda ambamo hufanya useremala wakati wa likizo. Nilinunua mashine ya kuranda, ile inayopunguza ubao hadi unene utakiwao. Siku ya kwanza stima ilipotea ubao ukiwa katikati. Kijana anayenisaidia, aliyehitimu kidato cha nne, akapenyeza mkono ili auchomoe. Nilitaka kumwonya asiguse visu, lakini istilahi zilizonijia zote zilikuwa za Kiingereza cha kitabu cha maelekezo. Akanitazama asinielewe, mkono ungali ndani. Nikamvuta bega. Punde stima ikarudi, na mashine ikanguruma yenyewe, kwani hakuna aliyekuwa ameizima.

Mimi, mwalimu wa isimu, nilikosa neno wakati wa haja!

Tangu siku hiyo tumekubaliana majina: silinda ya visu, rola ya kuingiza, rola ya kutoa, na kucha za kuzuia ubao kurudi nyuma. Hatukubuni makuu. Neno randa lenyewe lina umri mrefu katika Kiswahili, sawa na tezo, patasi na keekee.

Baada ya majina, tulipanga kazi upya. Kwanza ni mahali. Mashine hukazwa kwa bolti juu ya meza isiyotikisika, na mbele na nyuma yake hubaki nafasi inayozidi urefu wa ubao. Waya wa umeme uwe mnene na mfupi, wala usipite penye maji, jambo la kuangaliwa sana huku kwetu kwenye mvua nyingi. Pili ni visu. Plagi ichomolewe kabla ya kidole kukaribia. Visu viwe vikali, vitokeze sawasawa, na parafujo zake zikazwe barabara.

Tatu ni ubao. Mbao kuukuu zikaguliwe misumari. Vipande vifupi kuliko sentimita 30 visiingizwe, maana rola huweza kuviachilia. Kila mpito usiondoe zaidi ya milimita moja na nusu. Fundi asimame kando, wala si nyuma ya ubao, kwa kuwa mashine huweza kuurusha. Glavu na mikono ya shati inayoning'inia ni mitego. Miwani na vizibo vya masikio ni ngao. Vumbi nalo si la kudharauliwa: mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza kuwa vumbi la mbao husababisha saratani kwa binadamu.

Na stima ikipotea, zima swichi kwanza, kisha chomoa plagi. Ubao utangoja.

Katika mashamba ya majani chai ya Kericho na Bomet, Mkipsigis, Mkisii, Mluo na Mluhya huelewana kwa Kiswahili. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi maelezo na mafunzo ya usalama. Je, maelezo yasiyoeleweka ni maelezo?

Walimu wenzangu wa vyuo vya ufundi, chukueni chaki, mwandike ubaoni majina ya sehemu za kila mashine kwa lugha ambayo mwanafunzi atapaza sauti nayo akishtuka. Nanyi wanafunzi, msione haya kuuliza, "Hiki kinaitwaje?" Laiti kijana wangu na mimi tungaliulizana hivyo kabla ya kuigusa swichi, nisingalilazimika kumvuta bega.