Soma Namba Kabla ya Kuwasha

Somo la leo ni juu ya grenda, ile mashine ya umeme ya kukatia na kusagia chuma. Kutoka Shinyanga hadi Katoro, mafundi huitumia uani kutengeneza mageti na kukarabati makarasha ya kupondea mawe ya dhahabu.

Chukueni jiwe la kukatia, mlitazame. Limeandikwa namba. Kwenye jiwe kubwa, la milimita 230, mara nyingi mtasoma 6,600. Maana yake, lisizungushwe zaidi ya mara 6,600 kwa dakika. Sasa someni kibao cha grenda ndogo. Mara nyingi kimeandikwa 11,000.

Fundi mwenye haraka hung'oa kinga ya chuma, kisha hufunga jiwe kubwa kwenye grenda ndogo. Jiwe hilo huzungushwa kupita uwezo wake. Likipasuka, vipande huruka usoni au shingoni, na kinga ya kuvizuia haipo.

Basi shikeni mambo manne. Kwanza, namba ya jiwe isiwe ndogo kuliko ya mashine. Pili, kinga isitolewe. Tatu, chomoeni waya wa umeme kabla ya kubadili jiwe, na jiwe lenye ufa litupwe. Nne, vaeni miwani ya kazi, msivae nguo inayoning'inia, na mashine ishikwe kwa mikono miwili.

Swali: Jiwe limeandikwa 6,600, mashine 11,000. Je, vifungwe pamoja? Andikeni jibu na sababu yake.