Bei ya Kiyoyozi cha Dakti Huanzia Juu ya Dari

Anayejenga Dar es Salaam, Tanga au Mombasa akiuliza kiyoyozi cha dakti ni shilingi ngapi, fundi anayejua kazi yake hawezi kumjibu kabla hajapanda juu ya dari. Mashine yenyewe ina bei yake dukani, na bei hiyo mtu anaweza kuipata kwa simu moja. Kinachozitofautisha kwa mamilioni nyumba mbili zenye vyumba sawa ni nafasi iliyopo kati ya dari na bati, aina ya madirisha, umeme ulioingia nyumbani, na kama jambo hili lilifikiriwa kabla ya kupaua au baada ya watu kuhamia.

Kwa asiyeufahamu mfumo huu: badala ya spliti kila chumba, mashine moja ya ndani hufichwa darini, kompresa yake ikakaa nje, na hewa iliyopozwa husambazwa vyumbani kwa njia pana ziitwazo dakti. Chumbani huonekana griili tu. Hewa ya chumba nayo lazima iwe na njia ya kurudi kwenye mashine ikapozwe tena, na sehemu hii ya kurudi ndiyo husahaulika sana. Mlango wa chumba ukifungwa na hewa haina pa kutokea, baridi haiingii hata mashine ingekuwa kubwa namna gani.

Tuchukue nyumba ya vyumba vitatu na sebule, ambayo hesabu ya joto imeonyesha inahitaji tani 5. Tani moja ni BTU 12,000 kwa saa, kipimo kilichobaki tangu enzi za kupozea majengo kwa barafu. Kwa kawaida kila tani huhitaji kama mita za ujazo 680 za hewa kwa saa, kwa hiyo nyumba hii inahitaji 3,400. Ili hewa hiyo ipite bila kuvuma, dakti kuu itataka upana wa karibu sentimita 47 na kimo cha sentimita 40, bila kuhesabu sufi ya kuzuia joto inayoizunguka. Chini ya paa la mgongo lenye mwinuko mzuri, nafasi hiyo ipo bure. Lakini nyumba nyingi mpya zina paa lililofichwa nyuma ya ukuta, bati likiwa limelala karibu kabisa na dari. Humo dakti haipiti. Itabidi dari ishushwe, jipsamu ipigwe upya, taa zihamishwe, kuta zipakwe rangi tena. Fedha hizo hazimo kwenye bei ya kiyoyozi aliyotajiwa mwenye nyumba. Zitadaiwa na fundi wa jipsamu, fundi umeme na fundi rangi, mmoja baada ya mwingine.

Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu, ambako dari ni boriti na chokaa, swali linakuwa zito zaidi, kwa sababu kuficha dakti ni kuzificha boriti zenyewe. Huko ningemshauri mtu aache kabisa, afungue madirisha na kutafuta feni nzuri.

Tukirudi kwenye nyumba yetu, adui mkubwa wa dakti katika pwani yetu ni unyevu, na hapa ndipo ninapoona fedha nyingi zikipotea. Hewa ya Dar es Salaam mwezi wa Februari huanza kutoa umande inapogusa kitu chenye nyuzi 24 au 25. Hewa inayopita ndani ya dakti ina nyuzi 13 hivi. Dakti isiyovikwa sufi ya unene wa kutosha, au iliyovikwa lakini ngozi yake ya nje ya karatasi ya aluminiamu ikaachwa na matundu, itatoa jasho usiku na mchana. Maji hayo hudondokea jipsamu. Kwanza huja doa la kahawia, kisha kuvu, mwishowe kipande cha dari kinaanguka. Mwenye nyumba humlaumu fundi wa paa akidhani mvua inavuja, kumbe ni dakti. Kwa hiyo orodha ya bei inayotaja dakti bila kutaja unene wa sufi na namna ya kuziba maungio bado haijakamilika, hata kama jumla yake inavutia.

Maji mengine hutoka kwenye mashine yenyewe. Kiyoyozi cha tani 5 kikifanya kazi kwa nguvu zote kwenye hewa nzito ya pwani kinaweza kukamua lita 6 hadi 8 kwa saa. Yote hayo hupita kwenye bomba jembamba ambalo likiziba kwa ute na vumbi, maji hufurika darini. Sinia la akiba chini ya mashine, pamoja na swichi inayozima mtambo maji yakipanda, ni gharama ndogo sana ukilinganisha na dari mpya. Mimi sikubali kazi isiyokuwa navyo.

Unyevu huohuo ndio unaoharibu hesabu ya wale wanaosema, weka mashine kubwa uwe na uhakika. Mashine iliyozidi mahitaji hushusha joto haraka, ikazima kabla haijakamua unyevu. Chumba kinakuwa baridi lakini kimelowa, shuka zina ubichi, na mwenye nyumba anaendelea kushusha thamostati akitafuta raha asiyoipata. Amelipia tani asizozihitaji, na kila mwezi analipia umeme wake.

Njia ya haki ya kupunguza bei ni kupunguza joto linaloingia. Nafasi iliyo chini ya bati kwenye jua la mchana inaweza kupita nyuzi 45, na dakti zinapita humohumo. Sufi juu ya dari, kivuli upande wa magharibi na paa la rangi nyepesi vinaweza kufanya nyumba iliyotaka tani 5 iridhike na tani 4. Madirisha nayo lazima yafunge sawasawa. Vioo vya luva na matundu ya hewa juu ya madirisha vilijengwa ili nyumba ipumue. Ukipoza nyumba ya namna hiyo, unapoza mtaa. Kuyabadilisha ni gharama ya mradi huu, iandikwe tangu mwanzo.

Upande wa umeme, uliza mapema kama nyumba ina umeme wa njia moja au wa njia tatu (fezi). Mashine kubwa nyingi huhitaji njia tatu, na kuomba laini mpya, mita na waya mnene ni fungu lake peke yake.

Kisha kuna luku, yaani umeme wa kulipia kabla. Nachukulia mashine inayotoa uniti 3 za baridi kwa kila uniti 1 ya umeme, na bei ya shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, ambayo watumiaji wa kawaida wa TANESCO wanaijua. Tani 5 zikifanya kazi kwa nusu ya uwezo kwa saa 8 za usiku zitakula uniti 23 na kidogo, yaani karibu shilingi 8,300. Spliti ya BTU 9,000 katika chumba kimoja, kwa masharti yaleyale, itakula uniti 3 na nusu, kama shilingi 1,250. Tofauti hiyo inarudi kila usiku. Dakti zenye vilango vya umeme vinavyofunga vyumba visivyo na watu huipunguza, lakini vilango hivyo navyo vina bei, na vinahitaji mashine ya inveta inayoweza kushusha mwendo.

Kwa sababu hiyo, familia inayotaka baridi chumbani usiku tu, nitaiambia bila kusita: fungeni spliti. Dakti inastahili gharama yake pale nyumba nzima inapokaliwa mchana na usiku, madirisha yakiwa yanafunga vizuri na paa lina nafasi.

Ukiamua kuendelea, kataa mashine ya gesi ya R-22 hata ikiuzwa nusu bei. Nchi zinazoendelea zinatakiwa kuachana nayo kufikia 2030 chini ya Itifaki ya Montreal, na kuijaza kutazidi kuwa ghali. Omba hesabu ya joto ya kila chumba kwa maandishi kabla ya bei. Na katika mkataba, bakiza fungu la mwisho la malipo hadi siku yenye jua kali, saa tisa alasiri, milango yote ikiwa imefungwa, fundi apime kwa kifaa hewa inayotoka kwenye kila griili na kuilinganisha na hesabu aliyoitia saini.