Ukiorodhesha turathi asilia za dunia, Mara utaiweka wapi?

MKENYA akiombwa kuorodhesha maeneo asilia yanayostahili kuhifadhiwa kwa manufaa ya binadamu wote, hakosi kuitaja Maasai Mara. Hata hivyo, mbuga hiyo haimo katika Orodha ya Turathi za Dunia inayosimamiwa na shirika la Umoja wa Mataifa la UNESCO. Serengeti, iliyo ng’ambo ya mpaka nchini Tanzania, imo tangu mwaka 1981, ilhali nyumbu wanaohama kila mwaka ni wale wale.

Sababu ni kwamba orodha hiyo haitungwi kwa umaarufu. Chini ya mkataba uliopitishwa jijini Paris mwaka 1972, ni serikali yenyewe inayopendekeza eneo lililo katika ardhi yake. Tanzania iliridhia mkataba huo mwaka 1977, Kenya mwaka 1991. Mara ingali katika orodha ya mapendekezo ya Kenya.

Anayetaka kutunga orodha yake binafsi basi aanze na vigezo. UNESCO ina vinne kuhusu maumbile: uzuri au maajabu yasiyo na kifani, ushahidi wa historia ya dunia, mifumo ya kiikolojia inayoendelea kufanya kazi, na makazi ya viumbe, hasa walio hatarini kuangamia. Kutimiza kimoja kunatosha, mradi eneo liwe zima na lilindwe na sheria.

Vigezo hivi huonekana wazi katika maeneo matatu asilia ya Kenya yaliyoorodheshwa. Mlima Kenya, wenye urefu wa mita 5,199, uliingia mwaka 1997 kwa uzuri wake na kwa mimea inayobadilika kadiri mtu anavyopanda. Mbuga za Ziwa Turkana ziliingia mwaka huo huo kwa sababu ya masalia ya kale ya Koobi Fora na mazalio ya mamba. Maziwa ya Bonde la Ufa, yaani Bogoria, Nakuru na Elementaita, yalifuata mwaka 2011, na sifa yao kubwa ni ndege, hususan heroe.

Lakini kuingia orodhani si kupona. Mwaka 2018 mbuga za Turkana ziliwekwa miongoni mwa turathi zilizo hatarini. Ziwa hilo hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka Mto Omo wa Ethiopia, ambako bwawa la Gibe III lilizinduliwa mwaka 2016. Mlinzi wa mbuga aliye Sibiloi hana uwezo wa kufungua milango ya bwawa lililo nchi nyingine.

Katika Bonde la Ufa, tatizo ni kinyume chake. Maji ya maziwa yalipopanda katika miaka ya 2010, chumvi ilipungua, na pamoja nayo mwani ambao heroe hula. Wengi walihama Nakuru. Aliyeliorodhesha ziwa hilo kwa sababu ya ndege hao alilazimika kujiuliza ikiwa bado anaorodhesha kitu kile kile.

Yapo hata maeneo yaliyofutwa. Hifadhi ya choroa wa Uarabuni nchini Oman, iliyoorodheshwa mwaka 1994, iliondolewa mwaka 2007 baada ya serikali kupunguza ukubwa wake kwa asilimia 90. Choroa waliokuwa 450 mwaka 1996 walikuwa wamesalia 65. Hiyo ndiyo turathi ya kwanza kupoteza hadhi hiyo.

Visiwa vya Galápagos vya Ecuador, vilivyokuwa miongoni mwa maeneo 12 ya kwanza mwaka 1978, vilitangazwa kuwa hatarini mwaka 2007, vikatolewa katika kundi hilo mwaka 2010.

Kwa hivyo, kando ya kila jina, andika mambo matatu: kigezo kilicholiingiza, mwaka, na linalolitishia. Orodha ya namna hiyo haiishi, kwani kila mwaka Kamati ya Turathi za Dunia hukutana na kuongeza, kuonya au kufuta.

Wala huzuiwi kuitia Mara. UNESCO husubiri serikali ipendekeze. Wewe huhitaji idhini ya serikali kujua kwamba nyumbu wakikosa malisho na maji upande huu wa mpaka, Serengeti nayo itapungukiwa na kile kilichoipatia hadhi yake.