Uingereza: Wastaafu, baiskeli na ndege wa bonde la Kongo

Ifikapo saa tatu na nusu asubuhi, siku za kazi, watu wenye mvi huonekana wakikusanyika katika vituo vya mabasi vya miji mingi ya England. Kabla ya saa hiyo mabasi hayalazimiki kisheria kuipokea kadi yao ya kusafiri bure. Baada yake, hadi saa tano usiku, kadi hiyo humfikisha mwenyewe popote basi la kawaida liendapo, na mwishoni mwa wiki haina mipaka ya saa. Mpango huo umeenea England nzima tangu tarehe 1 Aprili 2008. Miongoni mwa wanaosubiri wamo waendao hospitali na sokoni, lakini wamo pia waliotundika darubini shingoni na kubeba chupa ya chai, ambao safari yao haina haja nyingine ila furaha.

Kwa mhamiaji aliyekwenda nchi hiyo kutafuta riziki au hifadhi, hayo ni mandhari ya kustaajabisha. Wazanzibari walioondoka baada ya mapinduzi ya 1964, Waasia wa Uganda waliofukuzwa mwaka 1972, Wakenya waliokwenda kusoma wakabaki, na baada yao Wakongo na Warundi waliokimbia vita: wengi wa watu hao leo wamestaafu au wanakaribia kustaafu. Kazi waliijua vyema. Kustaafu ugenini ni jambo ambalo hawakuwaona wazazi wao wakilifanya.

Umri wa kupokea pensheni ya serikali ulifikia miaka 66 mwaka 2020, na sheria inauongeza kwa hatua hadi 67 kati ya 2026 na 2028. Tangu 2011, mwajiri haruhusiwi tena kumwondoa mtu kazini kwa sababu tu ametimiza miaka 65, isipokuwa awe na hoja inayokubalika kisheria. Hata hivyo siku ya mwisho hufika. Katika mwambao wa Afrika Mashariki, mzee anayeacha kazi ana mahali pa kwenda: baraza, msikiti au kanisa, shamba, shauri la ndoa ya jirani linalongoja neno lake. Mjini Reading au Leicester milango ya barabarani imefungwa, watoto wamehamia miji mingine, na mwezi Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi jioni.

Waingereza wameikabili hali hiyo kwa namna yao. Kiswahili kina neno uraibu, ambalo pwani hukumbusha tambuu na kahawa kabla ya kukumbusha mchezo wowote: kitu ambacho mtu hawezi kuimaliza siku bila kukipata. Neno hilo linafaa sana hapa. Mstaafu wa Kiingereza huichukua bustani yake, baiskeli yake au orodha yake ya ndege kwa uzito huo huo wa mla tambuu, wala haoni haja ya kumweleza mtu sababu.

Baiskeli isiyo na mzigo

Yeyote aliyekulia Kisumu, Tabora au Bujumbura anaijua baiskeli kuwa chombo cha kazi. Hubeba mkaa, ndizi, maziwa na abiria. Hata jina boda boda lilianzia kwenye baiskeli zilizowavusha watu mpakani mwa Kenya na Uganda. Mtu wa miaka 68 kupanda baiskeli bila mzigo, na bila mahali hasa anapokwenda, huonekana kama mchezo wa kitoto. Aibu hiyo ndiyo kizuizi cha kwanza, na huenda ni kikubwa kuliko magoti.

Upande wa njia, kazi kubwa imekwisha kufanywa. Mtandao wa kitaifa wa njia za baiskeli, ulioanza kujengwa mwaka 1995 kwa fedha za bahati nasibu ya taifa, hufuata katika sehemu nyingi mapito ya reli zilizofungwa. Hilo lina faida kwa mzee ambayo ramani haioneshi. Treni haiwezi kupanda mlima mkali, na kwa sababu hiyo wahandisi wa karne ya 19 walikata vilima na kujaza mabonde ili reli iende karibu na usawa. Anayepanda baiskeli leo hurithi jasho la vibarua wale. Njia ya Bristol hadi Bath, iliyotengenezwa kati ya 1979 na 1986, ina urefu wa kilomita 21 hivi, haina magari, na hupita hata ndani ya handaki la zamani la treni.

Baiskeli yenyewe nayo imebadilika. Ile isiyo na chuma cha juu, ambayo nyumbani huitwa baiskeli ya kike na ambayo mwanamume huona haya kuonekana nayo, hupandwa na wazee wa jinsia zote, kwani kuurusha mguu juu ya chuma ndiyo nafasi nzuri ya kuanguka. Kwa wenye pumzi fupi kuna baiskeli ya umeme. Sheria ya Uingereza haidai leseni wala bima kwa baiskeli ambayo mota yake haizidi wati 250, na ambayo msaada wa mota hukatika mwendo unapofikia kilomita 25 kwa saa. Mwenye baiskeli bado hukanyaga, na mota humwongezea nguvu tu. Madaktari wa serikali hushauri watu wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 kila wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu na mizani walau siku mbili. Dakika hizo huisha bila mtu kuhisi yuko hospitali.

Kuhesabu shomoro

Kutazama ndege kunahitaji vifaa vichache zaidi. Darubini huandikwa namba mbili, kwa mfano 8 kwa 42: ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Anayeanza hudhani kwamba 12 ni bora kuliko 8. Sivyo, maana darubini hukuza pia mtetemeko wa mkono, na mkono wa mzee hautulii. Masikio nayo yana yake. Umri hutangulia kuiba sauti nyembamba, na wapo watazamaji wa miaka mingi ambao siku moja hugundua kwamba ndege mdogo kuliko wote wa Uingereza, mwenye uzito wa gramu tano au sita, hawamsikii tena ingawa mdomo wake unacheza mbele yao. Siku hizi zipo programu za simu zinazosikiliza na kumtaja ndege, na simu haizeeki masikio.

Mahali pa kuanzia si lazima pawe mbali. Hifadhi ya Walthamstow, kaskazini-mashariki mwa London, ni mabwawa 10 yanayotoa maji ya kunywa ya jiji, na ilifunguliwa kwa umma mwaka 2017. Kuingia ni bure. Koikoi hujenga viota katika visiwa vyake, na minandi hukausha mabawa yao juu ya miti kama wanavyofanya wenzao wa Ziwa Victoria. Asiyeweza kutoka ana dirisha. Kila mwisho wa Januari, shirika la kulinda ndege la RSPB huwaomba watu wahesabu ndege wa bustanini kwa saa moja. Zoezi hilo lilianza 1979 likiwa la watoto. Haitakiwi jumla ya ndege wote waliopita. Huandikwa idadi kubwa kabisa ya kila aina iliyoonekana kwa wakati mmoja, ili shomoro yule yule anayeenda na kurudi asihesabiwe mara kumi. Shomoro ameongoza orodha kwa zaidi ya miaka 20, japo idadi yake imepungua sana.

Lakini ndege wanaomgusa zaidi mtu aliyetoka Afrika ni wale wanaosafiri. Kwa karne nyingi Wazungu hawakujua mbayuwayu huenda wapi wakati wa baridi. Wako waliosadiki kwamba hulala chini ya matope ya madimbwi. Mwezi Mei 1911 wakili mmoja wa mji wa Cheadle, John Masefield, alimvisha pete ya namba mbayuwayu aliyekuwa na kiota nyumbani kwake. Desemba 1912 ndege huyo alikamatwa ndani ya nyumba ya shamba huko Natal, Afrika Kusini. Ushahidi huo mkubwa uliletwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa sheria na ambaye ndege walikuwa uraibu wake.

Tangu hapo vifaa vimekuwa vya ajabu zaidi. Mwaka 2011 shirika la utafiti wa ndege la BTO liliwafunga madume matano wa kekeo, ndege atagaye katika viota vya wengine, vifaa vidogo vinavyowasiliana na satelaiti. Waingereza, wanaomhesabu kekeo kuwa sauti ya nchi yao, waligundua kwamba hukaa kwao wiki chache tu. Mwezi Juni baadhi yao huwa wamekwisha ondoka, wengine kwa njia ya Italia, wengine kwa njia ya Hispania, wote wakielekea misitu ya bonde la mto Kongo. Mkongo aliyestaafu Uingereza anaweza kufungua ramani kwenye intaneti na kumfuata ndege wa Norfolk hadi kwao.

Swali la kurudi

Yeye mwenyewe kumfuata si rahisi hivyo. Mstaafu anayehamia Kenya, Tanzania, Uganda, Kongo au Oman huendelea kupokea pensheni ya serikali ya Uingereza, lakini kiwango chake hugandishwa na nyongeza ya kila mwaka haimfikii. Aliyehamia Mauritius au Marekani huipata, kwa kuwa nchi hizo zina mikataba. Kwa mtu aliyelipa michango ile ile kwa miaka ile ile, ni vigumu kuona haki iko wapi. Kadi ya basi nayo hubaki karatasi. Ndipo wengine wakachagua kuishi kama mbayuwayu, baridi Mombasa au Unguja, kiangazi Uingereza. Asiye na uwezo huo ni yule anayepokea nyongeza ya pensheni kwa wenye kipato kidogo, ambayo kwa kawaida husimamishwa mtu akizidisha wiki nne nje ya nchi.

Huyo hubaki na dirisha lake, na yako mengi ya kuona. Wiki ya kwanza ya Mei huwasili teleka, jamaa wanaofanana na mbayuwayu wenye mabawa marefu kama mundu, ambao watafiti wa Sweden walionesha mwaka 2016 kwamba baadhi yao hukaa angani miezi kumi bila kutua. Nao hutoka Afrika ya kati na kusini. Hutaga katika nyufa za paa za nyumba za zamani, na kila nyumba inapozibwa nyufa wakati wa ukarabati hukosa mlango. Tangu miaka ya 1990 zaidi ya nusu yao wametoweka Uingereza, na mwaka 2021 waliwekwa katika orodha nyekundu ya walio hatarini. Wastaafu katika miji kadhaa hutundika visanduku chini ya paa, huku wakicheza kanda ya sauti ya teleka ili kuwaita. Kisanduku huweza kukaa miaka kadhaa kitupu. Wenye bahati huwasikia wakipiga kelele juu ya barabara jioni za Juni na Julai, na ifikapo wiki ya kwanza ya Agosti anga huwa kimya tena.