Dairekta wa Huku Huanzia kwa Skripti

Mtoi wa Kitale akisema anataka kuwa dairekta, wasee wa base wanamuuliza tu: kamera utatoa wapi? Mimi naona hilo swali lingekuja mwisho. Cheki njia ya Simiyu Barasa. Huyo msee aliingia na kalamu. Aliandikia Makutano Junction na Tahidi High, zile tulikuwa tunakimbia home kucheki, na 2007 akadairekti filamu, Toto Millionaire.

Halafu mapema 2008, nchi ikiwaka baada ya uchaguzi, akajiandikia tanzia akiwa hai, ya mtu anajiona Mkenya lakini watu wanataka kujua kabila yake. Mtu wa Trans Nzoia hahitaji kuelezwa mbona hiyo ilichoma. Tuliona majirani wakihama na magodoro kwa kichwa. Kuona stori mahali wengine wanaona ngori tu, hiyo ndio kazi yenyewe.

Na huku tunaianza mapema, juu ya drama za shule. 2013 Butere Girls, hapo tu Kakamega, walipigiwa marufuku mchezo wao, Shackles of Doom, mpaka korti ikasema waendelee. Wasichana wa sekondari, maze! Kama wewe ndio ulikuwa unapanga nani asimame wapi na nani anyamaze lini, ushaanza kudairekti.

Sasa kushuti kwenyewe. Sini ya dakika mbili kwa stage ya Kitale inaweza kula asubuhi yote. Dem anaaga mamake, machozi yako karibu kutoka, makanga anapasua "Webuye, Bungoma, mbili ya haraka!" Rudia. Boda inapiga honi. Rudia tena. Picha ikiwa na giza kidogo watu watavumilia, lakini sauti ikiwa mbaya wanazima. So ficha maiki ndogo kwa kola, na ongea na makanga mapema, umtoe chai. Msimu wa mvua, sini za nje maliza asubuhi, juu mchana Elgon inajifunika na kila kitu inalowa.

Stori nazo ziko mob. Chetambe, pale juu ya Webuye, Wabukusu walipigana na Waingereza 1895. Pango la Kitum, huko kwa Elgon, ndovu wanaingia usiku kuchimba chumvi kwa giza. Mmarekani, Richard Preston, alitoa kitabu cha The Hot Zone 1994, na stori yake inaanzia kwa hilo pango. Inaniuma, kusema ukweli. Sisi tumekulia hapo chini na skripti hatujaandika.

Agosti ya miaka kama 2024 na 2026, barabara za Bungoma zinajaa vijana wa tohara ya Wabukusu na chinyimba, zile njuga, mkononi. Kama unataka kuishuti, enda kwa wazee kwanza uombe ruhusa, uulize ni nini haifai kuonyeshwa, na uandike sini zako kabla hujaazima kamera ya mtu.