Amerudi kwenye kadi za EPL, wa kubadilishana naye hayupo

MSIMU wa 2007/08 Cristiano Ronaldo alifunga mabao 31 Ligi Kuu England, Manchester United ikabeba ubingwa, kisha ikaitoa Chelsea kwa penalti kule Moscow na kutwaa Ulaya. Kwa watoto wengi wa Uingereza, msimu ule una kumbukumbu nyingine kabisa. Ndio ambao kampuni ya Topps iliingiza sokoni Match Attax, mchezo wa kadi za mastaa wa ligi hiyo.

Mchezo wenyewe mwepesi. Kila kadi ina namba mbili, ya kushambulia na ya kuzuia. Unapanga kikosi chako cha watu 11, mwenzako anapanga chake. Mmoja anaweka straika mezani, mwingine anajibu kwa beki au kipa. Namba ya kushambulia ikizidi ya kuzuia, hilo ni bao.

Watoto wale sasa ni watu wazima, wana kazi na kodi ya nyumba. Na baadhi wanarudi, mara nyingi baada ya kukutana na boksi la viatu lililosahaulika stoo kwa mama, limejaa kadi.

Anayerudi anaweza kudhani alitoka jana tu, maana jina la Topps bado lipo kwenye pakiti. Kumbe katikati kulikuwa na usajili mkubwa. Mwaka 2019 haki za EPL zilikwenda kwa Panini, Waitaliano wa Modena wanaotengeneza stika za wachezaji tangu 1961, wakakaa nazo misimu sita. Topps wamerejea msimu wa 2025/26, na wao wenyewe wamebadili mwenye mali, walinunuliwa na Fanatics ya Marekani mwaka 2022.

Kuna na aliyempita kabisa. Boksi lililofungwa 2010 halina Victor Wanyama, kwa sababu Mkenya huyo alitua Southampton 2013 na kuwa wa kwanza kutoka nchi yake kucheza EPL, kabla ya kwenda Tottenham 2016. Ukimtaka leo, msake kadi moja moja kwa wauzaji.

PESA IMEINGIA

Hapo kwa wauzaji ndipo mgeni anashtuka. Kadi zimekuwa biashara ya wakubwa. Zipo zenye saini ya mchezaji, zipo zenye kipande cha jezi, na zipo zinazopelekwa kwa wakaguzi zipewe alama 1 hadi 10 na kufungiwa kwenye plastiki ngumu. Kadi ya Pele ya 1958, iliyotolewa Sweden, imewahi kuuzwa kwa zaidi ya dola milioni 1. Usipige hesabu za boksi lako, lakini. Kadi iliyochezewa uwanja wa shule, kona zimekunjika, jina la mtoto limeandikwa nyuma kwa kalamu, thamani yake ni kwa mwenyewe tu.

Kinachouma zaidi si bei ya kadi moja. Ni kukosa wa kubadilishana naye.

Profesa Paul Harper wa Chuo Kikuu cha Cardiff alipiga hesabu ya albamu ya Panini ya Kombe la Dunia 2018, iliyokuwa na stika 682. Mtu anayenunua peke yake, bila kubadilishana na yeyote, alihitaji kwa wastani pakiti 967, yaani pauni 773.60. Sababu ni kwamba kadri albamu inavyojaa, pakiti zinaleta sura zilezile. Stika ya mwisho inaweza kukugharimu pakiti lukuki.

Mtoto wa shule haoni tatizo hilo. Anazo tano za kipa mmoja, mapumziko ya saa nne anazigawa, anarudi darasani na anazozitaka. Mtu wa miaka 28 ofisini atamwendea nani? Bosi wake?

Wenye nafuu ni waliorudi wakiwa na mtoto nyumbani. Wanakaa sakafuni, kila mmoja na rundo lake. Baba anamtaka Haaland, mtoto anazo mbili. Baba anamwaga silaha yake ya 2007/08, Fernando Torres wa Liverpool, mabao 24 ya ligi katika msimu wake wa kwanza England.

Mtoto anaigeuza kadi mbele na nyuma. "Huyu nani?"