Form ya Wikendi Kla: Mchanga Uko Hapo Tu

Wasee, kuna raha moja ambayo mayut wengi wa Kampala wanailalia: mchanga. Bahari Uganda haina, lakini Ziwa Victoria, Nalubaale kwa Waganda, liko hapo tu chini ya jiji. Huhitaji kusubiri upate doh ya kwenda Mombasa ama Zanzibar ndio uvue viatu.

Kama mfuko umekauka, anza na Ggaba. Panda kamunye katikati ya jiji, shuka mwaloni. Mitumbwi inaingia, soko limewaka, na samaki ndio sababu ya kuja. Chagua ngege yako ikiwa mbichi: macho yang'ae, mashavu yawe mekundu ndani. Mama wa jikoni anaichanja mbavuni, anaipaka chumvi, anaizamisha kwa mafuta moto mpaka ngozi inakakamaa. Inakuja nzima na chipsi, kachumbari na ndimu. Manga kwa mikono, pole pole, mifupa ni mingi.

Ukitaka mchanga wenyewe, dunga Entebbe, kilomita kama 40 hivi. Huko beach zimejipanga: Lido, Spennah, na Aero Beach yenye ndege kuukuu zimeegeshwa mchangani. Mbogi inacheza voliboli, watoto wanajenga nyumba za mchanga, mziki unadunda mpaka jioni. Piga simu kwanza, maana ziwa lina maamuzi yake: Mei 2020 maji yalifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, yakapita rekodi ya 1964, na beach kibao zikamezwa.

Mkiwa na siku mbili, hepeni Ssese. Visiwa ni 84. Meli ya MV Kalangala inatoka Nakiwogo, Entebbe, baada ya lanchi, na masaa kama matatu na nusu baadaye mko Lutoboka, kisiwa cha Bugala. Mchanga mweupe, msitu nyuma, kelele za jiji zimeisha. Meli inarudi asubuhi, so pangeni doh ya kulala.

Sasa skizeni hii vizuri. Tarehe 24 Novemba 2018, boti ya bash ilizama ziwani humu, upande wa Mukono, ikiwa imejaa kupita kiasi. Zaidi ya watu 30 waliaga. Walikuwa mayut kama sisi, wametoka kujibamba Jumamosi. So kabla ya kuingia boti, vaa laifujaketi na uifunge, usiikalie. Boti ikijaa, baki nchi kavu, hata kama mabeshte wote wameingia. Na ukishapiga vyombo, maji ya kuogelea wachana nayo.

Kuna pia kichocho. Vijidudu vyake vinatoka kwa konokono wa ukingoni, hasa penye nyasi na maji yaliyotulia, na vinapenya ngozi bila wewe kuskia kitu. Kama umeogelea ziwani, wiki kadhaa baadaye pitia kliniki upimwe. Dawa ipo na inafanya kazi.

Ziwa ni letu, na raha yake haibagui mwenye ndae na mwenye nauli ya kamunye. Jumamosi hii toka kwa keja, beba beshte, beba maji ya kunywa, na takataka zako rudi nazo. Mkienda wanne, rudini wanne.